F ya Hesabu na uongo mwingine tunaowadanganya watoto wakati wa kuchagua kombi

"Huyu ni wa arts mwalimu, hesabu za nini tena?" Kauli hii nimeisikia kwa wazazi wa Tukuyu, Mbalizi, Makambako na Mafinga. Nimeisikia kwa wanafunzi wenyewe. Linaloniudhi zaidi, nimeisikia kwa walimu wenzangu, tena mbele ya mtoto. Kazi yangu hapa Mbeya ni kushauri wanafunzi kuhusu kombi (yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita) na maombi ya vyuo, na matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu Januari najua sentensi ya kwanza nitakayoambiwa ni hiyo. Kwa hiyo leo naiandikia. Uongo mwingine nitaugusa kwa kifupi.

"Mtoto wa arts hahitaji hesabu"

Uongo huu una chanzo chake. Divisheni ya kidato cha nne hujumlishwa kwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Jumla ikiangukia kati ya 7 na 17, hiyo ni divisheni wani. Sasa chukua mtoto aliyefanya masomo tisa. Ana A na B za Historia, Kiswahili, Uraia na Jiografia, ana C za kutosha, halafu ana F ya Hesabu. Ile F haiguswi kabisa kwenye jumla. Mzazi anaona wani, shule inabandika jina ubaoni, mtoto anapangiwa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza), anafungasha tranka na godoro anakwenda advansi, yaani kidato cha tano na sita. Hakuna anayemuuliza habari za F. Imelala pale kwenye cheti, na itaamka miaka miwili baadaye, siku ya kuomba chuo.

Mwongozo wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, unataka nini? Kiwango cha chini cha jumla kwa shahada ni prinsipo mbili (masomo ya kidato cha sita uliyopata A hadi E) zenye pointi 4, na hapo pointi zinahesabiwa kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Wengi husoma mpaka hapo wakashangilia. Endelea kusoma, tafadhali. Kwa kozi nyingi za uhasibu, biashara, uchumi, ununuzi na ugavi, takwimu na kompyuta, chini yake kuna sharti la nyongeza: kama Advanced Mathematics si mojawapo ya prinsipo zako, uwe na walau sabsidiari (ile S iliyo chini ya E) ya BAM, hesabu nyepesi za kidato cha sita, au walau D ya Hesabu ya kidato cha nne. Kuna vyuo na kozi zinazopandisha zaidi ya hapo.

Rudi kwa mtoto wetu wa HGL. Kombi yake haina BAM. BAM wanasoma wenzake wa HGE (Historia, Jiografia, Uchumi), CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) na PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Kwa hiyo mlango wa kwanza haupo. Mlango wa pili ni ile D ya kidato cha nne, ambayo tulimwambia haina maana.

Nilikuwa na kijana wa Rungwe aliyenijia na B ya Historia, B ya Jiografia na C ya Kiingereza. Kwa prinsipo mbili za juu peke yake alikuwa na pointi 8, yaani mara mbili ya kinachotakiwa. Kwao wanalima parachichi na ndizi, ameona jinsi chama chao cha ushirika kinavyohangaika kutafuta mtu wa kuweka vitabu sawa, akasema anataka uhasibu. Wazo zuri kabisa. Tukafungua mwongozo, tukaenda chuo kimoja baada ya kingine, yeye akisoma kwa sauti. Kila akifika kwenye mstari wa hesabu anasita, anaruka, anakwenda chuo kinachofuata. Baada ya kama nusu saa akaacha kusoma kwa sauti. Baba yake alikuwa bado hajaelewa: "Si ana wani, mwalimu?" Ndiyo baba, anayo. Ila kozi haimwombi divisheni, inamwomba masomo.

Huyo ikabidi arisiti, yaani arudie mtihani wa Hesabu. Na kurisiti si jambo la wiki mbili. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, matokeo ni Januari, na wakati huo wenzake wameshaanza mwaka wa kwanza. Unajisajili mapema kama mtahiniwa wa kujitegemea, unalipa ada, unatafuta mtu wa kukufundisha mada ulizozikimbia tangu kidato cha pili. Mwaka mzima unakwenda kwa somo ambalo lilihitaji alama 30.

Ndiyo, 30. D inaanzia hapo. Hapa ndipo wanafunzi hunishangaa, kwa sababu wamezoea kuambiwa "hesabu ngumu" bila mtu kuwaonyesha mtihani umekaaje. Mtihani ambao wengi wetu tumeuzoea una maswali 14: sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B ina maswali 4 ya alama 10. Piga mwenyewe. Maswali matano tu ya sehemu A ukiyapata yote ni 30. Au mawili ya sehemu B na mawili ya sehemu A, umevuka. Simwambii mtoto wa arts apende hesabu. Namwambia achague mada chache zinazolipa azimalize kabisa: seti, uwiano na asilimia, faida na hasara pamoja na uwekaji hesabu za biashara, takwimu, na lile swali la kuchora mistari kwenye grafu na kutafuta faida kubwa zaidi. Takwimu inataka subira na kalamu tu. Mtoto anayejua kujaza jedwali la marudio, akatafuta wastani na akachora histogramu, ameshaokota alama ambazo mwenzake ameziacha mezani kwa kulala kwenye chumba cha mtihani. Na wanalala kweli! Nimesimamia mitihani, najua ninachosema. Dakika arobaini tu, mtu ameegemeza kichwa, anasubiri muda wa kuruhusiwa kutoka.

Kuna mwalimu atakayesema mtoto anayekwenda kusoma sheria au lugha hazihitaji hizo alama za Hesabu. Kweli, kuna kozi zisizouliza hesabu kabisa. Swali langu ni moja: nani ana uhakika, akiwa kidato cha tatu na miaka 16, kwamba hatabadili mawazo akifika kidato cha sita? Hata Jiografia yenyewe ya advansi ina takwimu, upimaji na usomaji wa ramani. Unaikimbia hesabu mlango wa mbele inakungoja uani.

Nimalizie hili kwa mfano ambao hauhusu arts kabisa, kwa sababu unaonyesha jinsi D moja inavyosafiri mbali. Ukitaka kusomea diploma ya utabibu, unatakiwa ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza tu. Mtoto anaingia bila Hesabu, anamaliza, anakuwa afisa tabibu, anafanya kazi kituo cha afya huko Makete au Ludewa, anapendwa na wagonjwa. Baadaye anataka kuwa daktari. Njia ipo: diploma yenye GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au zaidi. Lakini pamoja nayo TCU inadai D za kidato cha nne za Kemia, Baiolojia, Fizikia, Kiingereza na, ndiyo, Hesabu. Mtu mzima mwenye familia anarudi kukaa na watoto kuandika mtihani wa kidato cha nne. Wapo.

"CBG ni PCB iliyopunguzwa ugumu, udaktari utapatikana tu"

Haupatikani. Shahada ya udaktari wa binadamu inataka prinsipo za Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Ukiiacha Fizikia ukachukua Jiografia, umeuacha na udaktari. Hiyo haimaanishi CBG ni kombi mbaya. Kwa mtoto wa ukanda huu, penye misitu ya Mufindi, viazi vya Uporoto na chai ya Rungwe, ningeitetea mbele ya mtu yeyote: kilimo, misitu, mazingira, lishe, vyote viko humo, na SUA, chuo kikuu cha kilimo, kipo Morogoro. Ninachokataa ni mtu kuichukua huku moyoni anawaza koti jeupe.

Upande wa pili wa uongo huohuo ni ule wa "mwenye wani lazima aende PCB". Mtoto ana A ya Kiswahili, A ya Historia na C ya kubahatisha ya Fizikia, analazimishwa PCB kwa sababu shangazi yake ni nesi. Miaka miwili baadaye ana E, E na S. Kwa pointi za TCU, ambako S ni nusu, hiyo ni 2 na nusu. Kwenye HKL angekuwa anachagua chuo, sasa chuo ndicho kinachomchagua yeye, na hakimchagui.

Hapohapo niseme na wale wanaoacha Fizikia na Kemia wanapoingia kidato cha tatu kwa sababu "nitakwenda arts". Umesoma juu masharti ya diploma ya utabibu. Ukiziacha hizo, na mlango huo umeufunga kabla hujaota ndevu.

"Sheria ni ya HKL na HGL"

Si kweli. Vyuo kadhaa vinapokea prinsipo mbili kutoka orodha ndefu ya masomo, ya sayansi na biashara yakiwemo. Soma sifa za chuo unachokitaka, usisome kibao cha jirani.

"Diploma ni ya waliofeli"

Huu unatoka kwa wazazi wenye uwezo zaidi kuliko wengine, sijui kwa nini. Mtoto mwenye mkono wa ufundi, aliyepita shule kama Iyunga au Ifunda, anaweza kutoka kidato cha nne akaenda diploma ya uhandisi moja kwa moja. MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, ilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi na bado inafundisha diploma mpaka leo. Miaka mitatu anashika mashine, akitoka na GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu wake wa masomo manne ya kidato cha nne, anaomba shahada kama mwingine yeyote. Darasani ndiye wenzake wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) watakaomfuata awaelekeze saketi. Na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kutoa mikopo kwa baadhi ya kozi za diploma, kwa hiyo ule utetezi wa "diploma haina mkopo" nao umepungua nguvu. Angalia kozi yako kama imo.

"Kombi mpya ni za kubahatisha"

Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi, yaani kombi, 49 juu ya zile 16 za zamani zikafika 65. Hakuna haja ya kuziogopa, wala kuzichagua kwa sababu jina ni zuri. Kabla ya kujaza, jibu maswali mawili: shule gani inaifundisha, na kozi gani za chuo zinayataja masomo hayo matatu. Ukikosa jibu la pili, achana nayo.

"Selform ikishajazwa imejazwa"

Mtoto hujaza Selform, fomu ya kuchagua kombi na vyuo, akiwa bado shuleni, kabla hajajua matokeo. Matokeo yakitoka, TAMISEMI, wizara inayowapangia wanafunzi shule, hufungua dirisha la kubadili machaguo, na hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu mzazi anampa kijana wa steshenari pale Mwanjelwa namba ya mtihani na hela kidogo, kisha anakwenda sokoni. Kijana wa watu anajua kutumia kompyuta, hajui kama mwanao ana D ya Fizikia. Anaweka PCM kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye orodha, nywila inabaki kwenye simu yake, na Juni uchaguzi unapotoka mzazi ananipigia mimi.

Nenda na mtoto mwenyewe. Akae kwenye kiti, ashike mausi, asome kila kombi kabla ya kubonyeza. Nywila aiandike kwenye daftari lake. Akishapangiwa na kuona amekosea, aende kwa mkuu wa shule wiki ya kwanza ya kuripoti na nakala ya matokeo yake; nafasi ikiwepo na alama zikiruhusu, hubadilishwa. Akingoja mpaka Septemba, darasa limeshafika mada ya tatu.