Jozi za vigawo: dhana zinazowafanya watoto wabahatishe namba

Mpe mwanafunzi wa darasa la saba pale Igoma, Mwanza, swali la namba isiyojulikana, na mara nyingi utamwona anajaribu 7, anafuta, anajaribu 9, anafuta tena. Hata akilipata jibu, hawezi kueleza kwa nini ndilo. Hilo halitokani na uvivu. Kuna mambo amefundishwa nusunusu kuhusu vigawo, yaani namba nzima zinazoigawa namba nyingine bila kubakiza. Vigawo viwili vinavyozidishana na kuleta namba hiyo ni jozi, na namba hiyo ndiyo zao lake.

Dhana: Ukijua zao, umeshaijua namba.

Chukua kichanja cha mstatili cha kuanikia dagaa, tuseme kiko Igombe, chenye eneo la mita za mraba 60 na pande za namba nzima za mita. Urefu wake ni upi? Wengi hujibu haraka, "10 kwa 6," maana ndiyo waliyoizoea. Lakini 60 ina jozi sita: 1 na 60, 2 na 30, 3 na 20, 4 na 15, 5 na 12, 6 na 10. Zote ni halali mpaka ipatikane taarifa ya pili. Ukiambiwa mzingo ni mita 34, basi urefu na upana kwa pamoja ni 17, na jozi inayofika hapo ni moja tu: 12 na 5.

Zitazame pia jumla za jozi hizo kwa mfuatano: 61, 32, 23, 19, 17, 16. Kadiri namba mbili zinavyokaribiana, jumla yake inapungua. Aliyeliona hilo anajua aelekee upande gani wa orodha.

Dhana: Lazima upime namba zote hadi nusu ya zao.

Kwa 60 unaishia 7. Nane mara nane ni 64, imeshazidi, kwa hiyo kila jozi ina namba moja iliyo chini ya 8. Ukiipata hiyo, mwenzake amejitokeza. Kwa 221 unaishia 14. Wengi huiita namba tasa, yaani isiyo na vigawo ila 1 na yenyewe, kwa sababu huchoka baada ya 11, kumbe ni 13 mara 17.

Dhana: Namba ikiwa kubwa, vigawo vinaongezeka.

60 ina vigawo 12. 61 ina viwili tu.

Dhana: Vigawo vikija kwa jozi, idadi yake haiwezi kuwa witiri.

36 inavyo tisa, kwa kuwa 6 inajizidisha yenyewe.

Dhana: Usipoipata jozi, umekosea.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Tuseme mzingo wa kile kichanja ni mita 36. Sasa jumla inayotakiwa ni 18, na katika jozi zetu sita haimo. Orodha imekamilika, kwa hiyo jibu ni kwamba hakuna pande za namba nzima zinazotimiza masharti hayo. Kichanja chenyewe chaweza kujengwa, ila vipimo vyake havitakuwa mita kamili. Mtoto aliyeandika hivyo na kuonyesha jozi zote sita ametoa uthibitisho, na apewe alama zote.