Mtoto wa kwanza kufika chuo, na mzazi anayesubiri mnada

Kila Oktoba huku kwetu Mtwara hufunguliwa mambo mawili kwa pamoja: mwaka wa masomo vyuoni na minada ya korosho. Wanaopanga ratiba za vyuo hawaulizani na wanaopanga minada, na wala hakuna sheria inayowataka waulizane. Lakini mzazi wa Tandahimba ambaye mwanawe amepata chuo anaishi chini ya ratiba zote mbili. Chuo kinataka sehemu ya ada kabla ya usajili. Korosho ziko ghala kuu zikisubiri mnada. Mnada ukipita, zinasubiri mnunuzi alipe. Akilipa, fedha zipite chama kikuu cha ushirika, zipite AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, ndipo ziingie kwenye akaunti ya mkulima. Simu ninazopokea msimu huo zinafanana sana: "Mwalimu, waombe watuvumilie, mzigo tumeshapeleka ghalani."

Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa mjini. Wanaopita ofisini kwangu ni wa kila namna, ila ninaotaka kuwazungumzia leo ni wale ambao kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu kabla yao. Kusini tunao wengi, kutoka Newala hadi Liwale.

Marekani kundi hili lina nafasi yake katika sheria. Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Elimu ya Juu tarehe 8 Novemba 1965, na kati ya 1964 na 1968 zilianzishwa programu tatu za serikali, Upward Bound, Talent Search na Student Support Services, ambazo kwa kuwa tatu ziliitwa TRIO. Jina limebaki hata baada ya programu kuongezeka. Kwao, mwanafunzi wa kizazi cha kwanza ni yule ambaye hakuna mzazi wake mwenye shahada ya kwanza. Kipimo hicho ni kizuri kwa kujaza fomu. Kwetu mimi natumia kingine. Mtoto analelewa na bibi, anasomeshwa na mjomba, baba yuko Dar es Salaam au alishavuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Nikimwuliza elimu ya wazazi sijapata kitu. Namwuliza hivi: ukikwama saa tatu usiku, yupo mtu yeyote wa kwenu unayeweza kumpigia ambaye amewahi kupita chuo? Akikaa kimya akifikiri, nimeshapata jibu.

Wengi hudhani shida ya hawa ni akili au ni fedha. Akili wanazo, maana wametoka shule ambazo walimu wa sayansi wanahesabika kwa vidole na bado wakapata alama za kuingia chuo. Fedha ni shida kweli, nitaizungumzia. Lakini kinachowaangusha mapema zaidi ni kwamba chuo kinaendeshwa kwa kanuni nyingi ambazo hazikuandikwa popote. Mtoto wa mhadhiri anazijua tangu utotoni: kwamba alama ikikosekana unaifuatilia, kwamba tarehe ya mwisho huweza kuombewa nyongeza, kwamba barua isiyojibiwa inafuatwa kwa miguu. Mtoto wa mkulima amefundishwa kinyume chake, na amefundishwa vizuri. Jandoni na unyagoni, na hata nyumbani kabla ya hapo, adabu ni kumsikiliza mkubwa, usimkazie macho, usimwulize swali linaloonekana kama kumpinga. Kijana anakuja chuo na adabu hiyo yote, na chuo kinaitafsiri kama uzembe.

Chukua mfano wa alama za majaribio. Katika vyuo vingi somo lina alama 100: 40 za majaribio na kazi za darasani, 60 za mtihani wa mwisho wa muhula. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza alifanya jaribio lenye alama 15 na jina lake halikuonekana kwenye orodha iliyobandikwa. Hakusema. Alidhani kutokuonekana ndiyo hukumu yenyewe, kwamba ameanguka vibaya kiasi cha kutoandikwa. Alikuja kwangu muhula ukielekea ukingoni, tena kwa jambo jingine la chumba cha hosteli, na habari ya jaribio ikatoka pembeni kama kitu kisicho na uzito. Karatasi yake ilikuwepo. Ilikuwa imechanganywa na ya kundi jingine la semina, na mhadhiri aliishughulikia siku hiyohiyo bila neno. Bila zile alama asingefikisha kiwango cha kuruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho, angerudia somo zima mwaka unaofuata, na kijijini wangesema chuo kimemshinda.

Kwa hiyo ushauri wa kukaa ofisini na kuandika mlangoni "karibuni" hauwafai watu hawa. Anayejua kuuliza atakuja, asiyejua hatakuja. Mimi huomba orodha ya alama za majaribio katikati ya muhula, nikatafuta wenye mapengo, nikawaita mmoja mmoja. Wengine huja wakitetemeka wakidhani wameitwa kufukuzwa. Ninawafundisha sentensi ya kumwambia mhadhiri, na tunaifanyia mazoezi palepale: "Shikamoo, mwalimu. Sijaona alama yangu ya jaribio la pili, nilikuwa naomba kujua kama karatasi yangu ilifika." Ina heshima zote, na bado ni swali. Wahadhiri wengi huipokea vizuri. Wachache huona nawafundisha watoto usumbufu, na hao nimeshazoea kunywa nao chai.

Nirudi kwenye korosho, maana hapo ndipo ushauri unapofika ukomo na utetezi kuanza. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupeleka mzigo ghalani, hupewa risiti na mzigo huuzwa mnadani, ulianza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, na kwa mkulima una faida: bei inapatikana mnadani, si kwa matakwa ya mnunuzi anayebisha hodi. Tatizo ni kusubiri. Mzazi anayedaiwa ada wiki hii na fedha zake zikija baada ya wiki kadhaa ana njia moja ya haraka, nayo ni kangomba. Mnunuzi wa kificho anamlipa taslimu leo, anapima kwa bakuli lake mwenyewe, kwa bei anayoitaka yeye. Ni kinyume cha sheria na kila mtu anajua ni kinyume cha sheria. Lakini mtu mwenye mtoto anayezuiwa kusajiliwa hasomi sheria. Nimekutana na baba aliyeuza kwa kangomba mzigo uliotosha ada ya mwaka mzima, akapata ya muhula mmoja.

Ushauri kwa mwanafunzi hautibu hilo. Ukimwambia "panga bajeti" unamtukana. Kinachohitajika ni mtu wa ndani ya chuo kwenda kwa mhasibu na kusema: huyu atalipa, ila atalipa baada ya mnada, na hii hapa risiti ya mzigo aliopeleka AMCOS. Miaka ya mwanzo nilikuwa naandika barua ya kila mwanafunzi peke yake, nikimwombea kama anayeomba hisani. Ilifanya kazi pale mhasibu alipokuwa mtu mwema. Kisha ukaja msimu wa 2018, wanunuzi wakatoa bei za chini, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaisomba. Bei ilikuwa nzuri masikioni, lakini uhakiki wa wakulima ulichukua muda na malipo ya wengi yakachelewa hadi mwaka uliofuata. Ofisini kwangu barua za mmojammoja zilizidi uwezo wa kalamu. Hapo nikaacha kuomba hisani, nikaandika waraka mmoja kwa uongozi: mzazi akileta uthibitisho wa chama chake cha msingi, mwanafunzi asajiliwe kwa sehemu ndogo ya ada, na inayobaki igawanywe hadi Januari. Hoja yangu haikuwa huruma. Nilionyesha kwamba mwanafunzi aliyezuiwa usajili Novemba mara nyingi harudi, na chuo hakikusanyi ada kutoka kwa mtu aliyerudi kijijini. Mhasibu alielewa hoja hiyo haraka kuliko zote nilizowahi kumpelekea.

Upande wa Lindi kuna nafuu kidogo kwa wanaolima ufuta, kwa sababu minada yake huwa katikati ya mwaka na fedha zikitunzwa zinaikuta Oktoba. Zikitunzwa.

Mkopo wa serikali nao una mitego yake. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na bila hiyo wengi wa watoto hawa wasingefika popote. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu kuna mtindo wa kuilaumu kwa kila kitu. Mtego mkubwa uko kwenye karatasi. Maombi hufanywa mtandaoni, kipindi ambacho wengi wamemaliza kidato cha sita na wamo kambini JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na mzazi akiwa marehemu, cheti cha kifo vilevile. Sasa, vijijini mtu akifa anazikwa, watu wanaarifiana, arobaini inasomwa. Kwenda wilayani kuchukua cheti si desturi ya wengi. Mtoto ni yatima kweli, kijiji kizima kinajua, lakini kwenye mfumo baba yake yuko hai. Halafu majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Hamis, cha kuzaliwa kinasema Hamisi, na jina la tatu shuleni ni la babu ilhali kwenye cheti ni la ukoo. Mambo haya hurekebishwa kwa kiapo na kwa safari za wilayani, lakini yanataka miezi, si siku. Ndiyo maana nimeacha kuwasubiri waje mwaka wa kwanza. Shule zikinikaribisha, naenda kuongea na kidato cha tano, na siongelei ndoto wala mafanikio. Nawaambia watoe vyeti vyao wavilinganishe herufi kwa herufi.

Wakishapata mkopo, huja bumu. Posho ya chakula na malazi iliongezwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa mkupuo wa siku nyingi. Kijana ambaye hajawahi kushika laki moja anajikuta na laki kadhaa kwenye simu. Mnasikia hadithi za bumu kuisha kwa viatu na muziki, na zipo. Kwa hawa ninaowahudumia hadithi ya kawaida ni nyingine: fedha inarudi nyumbani. Mdogo wake anahitaji sare, bati la bibi linavuja, mama anaumwa. Yeye anakula mlo mmoja na anasinzia darasani. Simwambii aache kusaidia, maana nani atamsikiliza anayesema hivyo? Ninachofanya, akiniruhusu, ni kumpigia mzazi na kumweleza kwamba posho ile ni deni, kwamba akiajiriwa itakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi iishe. Nimeona wazazi wakinyamaza kwanza, halafu wanasema, "Hakutuambia kama ni deni." Walidhani ni mshahara. Mtoto anasoma serikalini, serikali inamlipa. Kwa mtu ambaye hajapita huko ni hesabu ya maana kabisa.

Jambo la mwisho la kiufundi, na ningeomba kila mlezi wa kijana alishike. Mwanafunzi akipatwa na msiba, ugonjwa au ujauzito, asiondoke kimyakimya. Aombe kuahirisha masomo kwa barua, aambatanishe uthibitisho, asubiri jibu la maandishi. Anayeahirisha ana nafasi ya kurudi. Anayetoweka huhesabiwa mtoro, na kukosa mitihani kunamfikisha kwenye kudisko, yaani kuondolewa chuoni, bila yeye kufanya kosa lolote la kitaaluma, huku deni la mkopo likimsubiri. Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Kama kijana yuko hospitali Ndanda anamwuguza mama yake, anaweza kuiandika kwenye simu akaituma, nami nikaichapa na kuipeleka.

Kuna ombi moja ninalolikataa kila mwaka. Mzazi au mjomba anakuja, wakati mwingine na kilo mbili za korosho zilizobanguliwa vizuri, anataka nimwone mhadhiri "amsaidie" kijana kwenye matokeo. Namweleza kwamba naweza kudai alama iliyopotea, naweza kuomba karatasi isahihishwe upya kwa utaratibu wa rufaa na ada yake, naweza kumtafutia kijana kundi la kusoma nalo kabla ya sapu, yaani mtihani wa marudio. Alama ambayo hakuipata siwezi kuiomba, kwa sababu siku nikiiomba, mhadhiri hatanifungulia mlango nitakapokwenda na karatasi iliyopotea kweli. Wengi huelewa. Korosho nawarudishia, na hapo ndipo huwa tunabishana kwa muda mrefu zaidi.