"Mkatie kubwa kubwa, atakua nayo": neno linaloharibu nguo za watoto

Kila Januari, wiki ya kufungua shule, nasikia neno lile lile mpaka masikio yananiuma: "Fundi, mkatie kubwa kubwa, atakua nayo." Mwaka huu alianza bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake anayeingia darasa la kwanza. Alitaka sketi na blauzi za kumfikisha darasa la tatu. Nikampima mtoto, nikamweleza bibi namna ya kufanya, akaona nambania kitambaa, akaenda kwingine. Wiki chache baadaye nikamwona yule mtoto njiani asubuhi. Mkono mmoja umeshika begi, wa pili umeshika sketi kiunoni isimdondoke, na bega la blauzi limemshukia nusu ya mkono. Hakuwa na mkono wa tatu wa kushikia mkono wa dada yake wakati wa kuvuka barabara.

Nawaelewa wanaosema hivyo. Kitambaa kina bei, na mtoto hakui kwa kufuata mfuko wa mzazi. Kutaka nguo idumu si kosa hata kidogo. Kosa ni kudhani kwamba mtoto anaongezeka kila upande sawasawa, kama andazi linavyoumuka. Haongezeki hivyo. Anarefuka.

Mtoto akishavuka miaka miwili, hurefuka kwa wastani wa sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka mpaka akaribie kubalehe. Sasa tazama upana wake. Zile saizi za Ulaya mnazoziona kwenye lebo za mitumba, 104, 110, 116, 122, ni urefu wa mtoto kwa sentimita, na kila saizi inapanda sentimita 6, yaani karibu mwaka mmoja wa kukua. Katika hatua hiyo moja kifua kinaongezeka sentimita 2 tu. Kiuno kinaongezeka sentimita 1 na kidogo. Bega moja ni milimita chache.

Piga hesabu mwenyewe. Kutoka darasa la kwanza hadi la tatu ni miaka miwili: urefu sentimita 12 hivi, kifua sentimita 4. Ukiongeza inchi 4 kifuani juu ya nafasi ya kawaida ya kupumulia, hizo ni sentimita 10, kifua cha mtoto wa karibu darasa la sita. Kabla hajafika huko, hiyo blauzi itakuwa imeshachakaa kwa kufuliwa na kuanikwa juani kila siku. Kwa hiyo hatakua nayo. Ataivaa ikimpwaya tangu siku ya kwanza mpaka siku inageuzwa tambara la kudekia.

Halafu kuna suala la kwapa, na hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi. Wanasema kwapa kubwa linampa mtoto uhuru wa kucheza. Ni kinyume kabisa. Kwapa la nguo likishuka chini sana, mkono unakuwa umefungwa na ubavu wa nguo. Mtoto akiinua mkono kujibu swali darasani, gauni zima linapanda naye, tumbo linabaki wazi. Jaribu kwa nguo yako mwenyewe mbele ya kioo. Kwapa lililokaa juu, karibu na kwapa la mwili, ndilo linaloacha mkono uende bila kuvuta nguo nzima. Mtoto anayeruka kamba anahitaji kwapa dogo lililokatwa vizuri kuliko anavyohitaji kitambaa kingi.

Shingo nayo vivyo hivyo. Mzazi anaona kichwa cha mtoto hakipiti, anasema ongeza shingo. Lakini kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa mwili wake. Akizaliwa, kichwa ni kama robo ya urefu wake wote, wakati kwa mtu mzima ni karibu sehemu moja ya nane. Akifika mwaka mmoja, mzunguko wa kichwa unafika kama sentimita 46, na shingo iko mbali sana chini ya hapo. Ukikata shingo ya kupitisha kichwa, umekata shingo ya kuanguka mabegani. Kata shingo inayomfaa, halafu weka mpasuo: nyuma wenye kifungo kimoja, au begani wenye vibanio. Ndiyo njia ninayoiamini kwa kitambaa kisichovutika kama kitenge au khanga.

Sasa nguo itadumu vipi? Akiba unaiweka pale mtoto anapokua, na unaificha ndani ya nguo. Kutoka kiunoni hadi gotini, mtoto wa umri huo anaongeza sentimita 2 hadi 3 kwa mwaka. Kwa hiyo upindo wa sketi wenye akiba ya sentimita 6 unampeleka miaka miwili bila mtu kujua. Mimi napinda mara mbili kwa kina kile kile: inchi 2, kisha inchi 2 tena juu yake. Inapatikana inchi 4 ya kitambaa chini, sketi inakaa vizuri kwa uzito wake, na ukingo mbichi umejificha. Shona upindo huo kwa hatua ndefu, yaani mishono mirefu, au kwa mkono, ili kufumua kusiwe adhabu. Suruali iachie zaidi kidogo, maana mguu kwa ndani unaongeza sentimita 3 hadi 4 kwa mwaka.

Mtaniambia: ukishusha upindo, mstari wa zamani unaonekana. Ni kweli, hasa kwenye bluu ya sare, kwa sababu jua limepausha nje na kuacha rangi ndani ya kunjo. Ndiyo maana kwa sketi na magauni yenye kiuno napenda zaidi kunjo la siri kiunoni. Kabla ya kuunganisha sketi na kiuno, pinda kitambaa cha sketi kwa ndani kuzunguka chote, sentimita 3 chini ya ukingo wa juu, halafu shona kunjo hilo kwa hatua ndefu. Mwakani unalifumua, sketi inashuka. Kwa gauni, mstari uko karibu na kiuno ambako mkanda unaufunika. Kwa sketi, blauzi ikiachwa nje inaufunika. Wanafunzi wangu wote wanalijua kunjo hili kabla hawajajua kuweka zipu, na sitaacha kulifundisha.

Ubavuni acha inchi 1 ya mshono kila ukingo badala ya ile nusu ya kubahatisha. Ukingo wa mbele na wa nyuma, kulia na kushoto, ni kingo nne. Ukitoa sentimita 1.5 kila mmoja umepata sentimita 6 za kifua, zaidi ya miaka miwili. Lakini kuna sharti: piga zigizaga au ovaloki (mashine inayokata na kufunga ukingo usichanuke) kila ukingo peke yake, kisha funua mshono kwa pasi. Mafundi wengi wanaovaloki kingo mbili kwa pamoja ili kuokoa dakika tano, na ile akiba inakuwa imekatwa na kisu cha mashine siku ile ile. Kiunoni weka lastiki iliyo ndefu kuliko inavyohitajika kwa sentimita 5, ncha zake zikunjwe ndani ya njia yake, na acha tundu dogo ndani la kuirefusha. Mikanda ya gauni la kuvalia blauzi iwe na vifungo viwili vilivyoachana.

Hiyo ndiyo "atakua nayo" ya kweli. Inachukua kitambaa kile kile, pengine pungufu, na mtoto anavaa nguo inayomkaa leo.

Jambo la pili, kwa kifupi. "Khanga mpya haina haja ya kulowekwa, ni safi." Hatuloweki kwa ajili ya uchafu! Pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, na kitambaa kipya kina wanga kinachokifanya kionekane kizito kuliko kilivyo. Kikirudi kwa 4 katika kila 100, foronya uliyoshona sentimita 50 kwa 75 inatoka kwenye kamba ikiwa 48 kwa 72, na mto hauingii. Loweka usiku mmoja, suuza, anika kivulini, piga pasi, ndipo ukate. Nyekundu na nyeusi zilowekwe peke yake, na ukiona maji yanaendelea kutoka rangi baada ya kusuuza mara tatu, usiunganishe kitambaa hicho na cheupe. Yaliyobaki ni kujitafutia machozi.

"Cherehani yangu mbovu." Mara nyingi sana siyo cherehani, ni sindano. Watu wanakaa na sindano moja mpaka ivunjike, wakati baada ya saa 8 hivi za kushona ncha yake imeshakuwa butu na inaruka mishono. Namba 14 inafaa kitenge na shuka. Kitambaa chepesi kinataka 11. Fulana na vitambaa vya kuvutika vinataka sindano ya ncha ya mviringo, vinginevyo utatoboa nyuzi na vitundu vitaanza kukimbia. Na mkiona uzi umejaa kama kiota chini ya kitambaa, acheni kuhangaika na skrubu ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Kiota cha chini kinasababishwa na uzi wa juu ambao haukuingia vizuri kwenye visahani vya kukazia. Inua mguu wa kukandamizia, toa uzi wote, upitishe upya. Nimeona watu wakipeleka mashine kwa fundi wa kutengeneza kwa jambo la nusu dakika.

Cherehani ya kukanyaga, tafadhali, msiitupe eti ya umeme ndiyo ya kisasa. Kwa mapazia, shuka, foronya na sare, mshono ulionyooka ndio unaotakiwa, na ya kukanyaga inaushona vizuri hata umeme ukikatika.

"Mtoto mchanga avae polista, haikunjani." Haikunjani, sawa, lakini hainywi jasho, na kwa joto la Dar es Salaam mtoto anatoka vipele shingoni na kwapani. Karibu na jiko ni hatari zaidi, kwa sababu polista ikishika moto inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Pamba nayo inawaka, tena upesi ikiwa nyepesi na imepwaya, kwa hiyo mtoto wa gauni pana asikaribie moto, liwe la kitambaa chochote. Kwa nguo za watoto wadogo mimi nashona pamba: khanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi ndiyo laini kuliko kitambaa chochote cha dukani.

Kuna hili la kamba za shingoni na za kofia, linalonitia hofu. Mama anakuja na picha ya gauni la mtoto wa miaka mitatu lenye kamba ndefu za kufunga shingoni, anasema linapendeza. Linapendeza, lakini kamba hizo hunasa: kwenye bembea, kwenye mlango wa basi, kwenye uzio. Marekani tume ya usalama wa bidhaa za walaji ilitoa mwongozo mwaka 1996 kuwataka watengenezaji waondoe kamba za shingoni na za kofia kwenye nguo za nje za watoto, kwa sababu watoto walikuwa wananyongwa. Mimi siziweki, hata mteja akilipa mara mbili. Naweka kifungo au lastiki. Na kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kila kifungo nakishona kwa mkono, mara sita au zaidi, nafunga fundo nyuma, kisha nakivuta kwa nguvu zangu zote. Kikitoka, kimetokea mkononi mwangu na si mdomoni mwake.

Wapo pia wanaodhani kila kitu kinachoshonwa nyumbani ni nafuu. Hapana. Fulana ya mtumba ya mtoto ni rahisi kuliko kuishona, na kitambaa chake kinasumbua mashine ya kawaida. Nunua mtumba. Penye nafuu ya kweli ni mapazia, foronya, mashuka, aproni, sare, na vishikio vya sufuria, vitu vya mistari iliyonyooka ambavyo dukani unalipia zaidi jina.

Vishikio vya sufuria navyo vina kosa lake. Wengi wanajaza sponji au pamba ya mito ya kisasa, ambayo ni polista, kwa kuwa ni nene. Unene huo hauna kazi ukiyeyuka. Weka tabaka tatu za taulo kuukuu la pamba, au kipande cha jinzi na taulo mbili, zungushia khanga nje, piga mishono ya kimshazari ili tabaka zisihame. Kitumike kikiwa kikavu tu, maana kitambaa chenye maji kinapitisha joto upesi na mvuke wake unaunguza vidole. Shona viwili, na kimoja kiwe kinaanikwa wakati kingine kiko jikoni.