Kufunguliwa kwa mwanamke aliyekeketwa na kushonwa: maana yake

Kufunguliwa ni upasuaji mdogo anaofanyiwa mwanamke aliyekeketwa kisha akashonwa. Shirika la Afya Duniani limegawa ukeketaji katika aina 4, na huu ni wa tatu: mashavu ya uke hukatwa na kingo zake kuunganishwa, kikabaki kitundu cha mkojo na damu ya hedhi.

Wakunga wa Arusha si wageni wa ukeketaji, maana mkoa huu ni kati ya inayoongoza Tanzania. Ila wengi wa akina mama wanaowahudumia walikatwa bila kushonwa. Nchini Somalia kushonwa ni jambo la kawaida, kwa hiyo mkimbizi wa huko akija kliniki ya wajawazito hapa mjini, nesi anaweza kukutana na kovu asilowahi kuliona. Tafadhali, asiite wenzake waje kutazama. Mama huyo akiondoka kwa aibu, huenda asirudi mpaka uchungu umshike.

Baada ya ganzi, daktari au mkunga aliyefundishwa hukata kovu katikati, kutoka chini kwenda juu, kisha kila upande hushonwa peke yake ili usishikane tena. Hufanyika wakati wa ujauzito au uchungu ukishaanza. Kilichokatwa utotoni hakirudi, lakini mkojo na hedhi hupita vizuri na mtoto hupata njia.

Elimu itangulie. Mwanamke aliyezoea kukaa chooni muda mrefu, mkojo ukitoka tone kwa tone, atashtuka siku ya kwanza ukitoka kwa kasi na kwa sauti. Asipoambiwa, atadhani ameharibiwa. Aelezwe mapema pia, na mumewe akiwepo kama mwenyewe ameridhia, kwamba akijifungua hatashonwa tena kama zamani. Mkalimani awe mwanamke mzima anayetunza siri. Mtoto wa mama huyo aliyejifunza Kiswahili shuleni asibebeshwe mzigo huo.

Wengine huogopa kwamba wakionekana watashtakiwa. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoongezwa mwaka 1998, hakimwadhibu aliyekeketwa. Kinamwadhibu mlezi anayesababisha binti wa chini ya miaka 18 akeketwe: kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Binti wa mkimbizi analindwa na kifungu hichohicho.