Je, wajua kwa nini dumu gumu na mfuko mlaini hutokana na gesi moja?

Katika mwalo wa Kirumba jijini Mwanza, dumu gumu lililofungwa kwenye wavu kama boya huelea jirani na kipande cha mfuko mlaini ambao wengi huuita wa nailoni. Jina hilo hupotosha, kwa maana nailoni halisi ni uzi wa nyavu, nao huzama. Dumu na mfuko vyote ni polithini, plastiki nyepesi kuliko maji, iliyoundwa kwa gesi ile ile ya ethilini.

Tofauti yao imo katika jinsi molekuli za ethilini zinavyoungwa kuwa minyororo mirefu. Njia ya kwanza, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933, huibana ethilini kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa zaidi ya mara 1,000, bila kichocheo cha metali, yaani kitu cha kuharakisha muungano huo. Minyororo ya kaboni huchipua matawi mengi, hivyo hailali karibu karibu, mithili ya kuni ambazo vijiti vyake havijakwanyuliwa, na plastiki huwa laini kama ya mfuko. Mwaka 1953 Mjerumani Karl Ziegler alionyesha kwamba misombo ya titani na alumini huunga gesi hiyo kwa mgandamizo mdogo na kutoa minyororo iliyonyooka. Marekani kichocheo kingine cha kazi hiyo hiyo, cha metali ya kromi, kilikuwa kimegunduliwa mwaka 1951. Minyororo hiyo hupangana kama mzigo wa matete, na plastiki hukaza kama ya dumu.

Mkemia huyatambuaje haya? Kipimo ninachokipenda ni chepesi mno: maji huchanganywa na spiriti hadi kila sentimita ya ujazo iwe na uzito wa gramu 0.935 hivi, kisha vipande hutumbukizwa; cha mfuko huelea, cha dumu huzama. Miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, nayo huonyesha wingi wa matawi. Kutenganisha kazi ya titani na ya kromi ni kugumu zaidi, ila masalia machache ya metali hubaki ndani, na minyororo ya kromi huishia na kifungo maradufu ambacho infraredi hukiona.

Malighafi, kinyume chake, haiachi alama katika umbo. Ethilini hutoka kwenye mafuta, kwenye gesi asilia, au kwenye ethanoli ya miwa, kama ifanyikavyo kwa wingi Brazil tangu 2010, na ikishasafishwa ni moja. Kinachoifichua ni kaboni-14, aina adimu ya kaboni yenye mnururisho, ambayo muwa huivuta hewani. Nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 5,730 hivi, kwa hiyo mafuta yaliyokaa ardhini mamilioni ya miaka hayana hata chembe inayopimika. Dumu la miwa likitupwa ziwani, hata hivyo, halitaoza upesi kuliko la mafuta, kwa kuwa mnyororo ni ule ule.