Slalomu ya magari ya SCCA: dhana potofu na ukweli

Dhana potofu: magari hufukuzana, na mwenye injini kubwa ndiye hushinda.
Ukweli ni kwamba katika mashindano haya ya ridhaa ya Marekani, yanayosimamiwa na SCCA (Sports Car Club of America), chama cha magari ya michezo kilichoanzishwa mwaka 1944, kila dereva hushindana na saa, akipita katika njia ya koni iliyopangwa juu ya lami pana. Kona hufuatana kwa karibu kiasi kwamba gari jepesi linalogeuka upesi huweza kuliacha lenye nguvu nyingi.

Dhana potofu: ukigusa koni umeadhibiwa.
Kitako cha koni huzungushiwa mstari. Koni iliyosukumwa lakini ikabaki imesimama, huku kitako chake kingali kinagusa mstari huo, haina adhabu yoyote; ikianguka, au ikitoka nje kabisa, dereva huongezewa sekunde 2, nazo ni nyingi mno katika mchezo ambao mara nyingi washindi hutenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde. Anayeinama kukagua mstari na kutoa taarifa kwa redio kwa kawaida ni dereva mwenzake, kwa kuwa washiriki hupangiwa pia zamu ya kazi uwanjani.

Dhana potofu: kanuni ya tairi za 200, inayotaka tairi za baadhi ya madaraja ziwe na namba 200 au zaidi, ilisawazisha magari.
Namba hiyo, inayosomeka ubavuni mwa tairi, huonyesha kiwango cha kustahimili kulika, wala haipimi mshiko. Tena mtengenezaji mwenyewe ndiye anayeipanga baada ya majaribio yake. Kwa hiyo tairi mbili zenye 200 zaweza kutofautiana sana uwanjani. Naiona kanuni hii kuwa nzuri, ila ushindani wa tairi haukwisha, ulihamia viwandani.

Dhana potofu: viongozi hubadili kanuni wapendavyo.
Wanachama huandika barua, mapendekezo hutangazwa ili yatolewe maoni, kisha bodi ya wakurugenzi huamua.

Dhana potofu: muda mmoja bora hutoa bingwa.
Katika fainali za taifa, ambazo zimekuwa zikifanyika Lincoln, Nebraska, tangu 2009, dereva hupewa majaribio 3 katika njia moja na 3 katika nyingine siku ya pili, kisha muda wake bora wa kila njia hujumlishwa. Aliyeongoza siku ya kwanza akiangusha koni katika majaribio yote ya siku ya pili, adhabu humfuata hadi kwenye jumla.