Swali la "kwa nini hakuondoka" linavyomlinda mnyanyasaji

Ofisi zinazopokea malalamiko ya ukatili wa nyumbani zimezoea kumwona mlalamikaji aliyeandikisha maelezo juzi akirudi kuomba yafutwe, wakati mwingine akiwa ameandamana na mtuhumiwa mwenyewe, ambaye huketi kando yake na kumjibia maswali. Majirani wakisikia hayo husema wamepatana, na wapo wanaoongeza kwamba kumbe alikuwa anayataka mwenyewe. Kauli hiyo tumeisikia vya kutosha, na haijawahi kutusaidia katika shauri hata moja.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, alieleza ukatili huu kuwa mzunguko wa hatua tatu: mvutano unaojengeka taratibu, ambapo mhanga hupima kila neno asije akamuudhi mwenzake, kipigo chenyewe, kisha kipindi cha toba, chenye machozi, zawadi na ile kauli ya "shetani alinipitia." Inashangaza kwamba shetani huyo hampitii akiwa mbele ya mwajiri wake. Si kila uhusiano hufuata hatua hizo, kwani wapo wahanga wasioombwa radhi hata siku moja, bali hudhibitiwa mfululizo kwa fedha, kwa kupekuliwa simu na kwa vitisho vya kunyang'anywa watoto. Hata hivyo, mzunguko huo unasaidia kueleza kwa nini mtu huomba kufuta maelezo wakati ambapo mtuhumiwa anaonekana mwema kuliko wote.

Wanaouliza kwa nini hakuondoka hudhani kuondoka ndiko kumaliza hatari. Tafiti za mauaji baina ya wenza zinaonyesha kwamba kipindi cha kutengana ni miongoni mwa vipindi vya hatari kubwa zaidi, na kwamba mhanga aliyewahi kukabwa shingo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa. Lawama humfanya anyamaze, na akinyamaza michubuko hufifia kabla ya kuonwa na daktari; aliyebakwa naye huweza kupitwa na saa 72 ambazo ndani yake dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hupaswa kuanzwa.

Kuhusu utaratibu, katika nchi nyingi uamuzi wa kuendelea na mashtaka ni wa mwendesha mashtaka, hivyo ndugu wanaomshinikiza mhanga "akafute kesi" wanamtuma kufanya jambo asilo na mamlaka nalo, na wao wenyewe wanaweza kushtakiwa kwa kumshawishi shahidi. Ombi la namna hiyo linapaswa kusikilizwa faraghani, mtuhumiwa akiwa nje ya chumba, na kuandikwa pamoja na sababu zake, huku maelezo ya awali yakibaki katika jalada. Amri ya zuio, yaani amri ya mahakama inayomkataza mtuhumiwa kumkaribia mhanga, nayo kwa kawaida humfunga yule iliyotolewa dhidi yake: hata akiitwa nyumbani na mhanga mwenyewe, akienda ameivunja, na anaweza kukamatwa kwa kosa hilo peke yake, hadi mahakama itakapoibadilisha au kuiondoa.